Globu inayopumua

Mjomba wangu alikuwa na globu moja pale bandani kwake mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambayo haikuwa ya kuonea. Ilifungwa kwenye kipande cha mbao, waya mmoja unaingia mwingine unatoka, na kila redio iliyoletwa mgonjwa ilipitishwa hapo kwanza kabla haijachomekwa moja kwa moja ukutani. Mafundi wanaita sirizi. Ukiwasha redio afu globu ikawaka kali ujue ndani kuna shoti, chomoa haraka. Ikiwaka kidogo afu ikafifia ikabaki na kawekundu ka mbali, mjomba alikuwa anaegemea ukuta anasema "hii inapumua", na hapo ndo anaagiza chai. Mi nilikuwa dogo wa kama miaka kumi hivi, kazi yangu kushika tochi, na kwa muda mrefu sana niliamini kabisa kwamba redio zinapumua.

Naanza na mjomba kwasababu nataka kumwongelea msanii mmoja wa Mexico anaitwa Rafael Lozano-Hemmer na sijapata mlango mwingine wa kuingilia. Nimeshajaribu kumwelezea kwenye magrupu ya WhatsApp mara mbili tatu, mmoja akaniuliza "sasa hiyo sanaa inauzwaje", mwingine akanitumia kile kikatuni kinachokoroma. Basi leo naandika kwa urefu, asiyetaka safari ashuke kituo cha mbele.

Ilikuwa Februari 2019. Nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huku Maryland, shifti ya usiku, saa tano mpaka saa moja asubuhi, kazi ambayo watu wa nyumbani ukiwaambia wanaielewa kwa neno moja tu, boksi. Usiku mzima ni kugeuza watu wasipate vidonda vya mgongo, kubadilisha mashuka, na kuzunguka na kile kiklipu cha kubana kidole kinachosoma mapigo ya moyo na oksijeni. 72, unaandika. 68, unaandika. 91, unarudia tena, unaandika. Ukishafanya hivyo mwaka wa pili namba zinaacha kuwa za mtu, zinakuwa namba tu kama za mita ya LUKU, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Siku yangu ya ofu kulikuwa na baridi ile ya kuuma masikio. Makumbusho mengi ya Washington ni bure kuingia, kwahiyo nilikuwa nayatumia kama wengine wanavyotumia baraza, mahali pa kukaa pa joto bila mtu kukuuliza unanunua nini. Nikaingia Hirshhorn, lile jengo la duara lenye tundu katikati kama donati, sijui hata kuna nini ndani, nikafuata watu.

Chumba kilikuwa na giza. Juu kuna globu, mamia, zile za zamani za kioo cheupe zenye waya mwembamba ndani, zimening'inia mistari kwa mistari na kila moja inawaka na kuzima kwa mwendo wake. Hakuna muziki, ni mlio mdogo mdogo tu wa umeme unapokata na kurudi. Upande mmoja kuna stendi yenye vishikio viwili vya chuma na watu wamepanga foleni. Nikapanga. Zamu yangu ilipofika nikashika, ikapita kama pumzi mbili tatu hakuna kitu, nikadhani nimeharibu, afu globu iliyokuwa karibu yangu ikaanza. Du-du. Du-du. Du-du. Ilikuwa inaenda taratibu kuliko za jirani, nadhani kwa vile nilikuwa sijalala.

Sasa sikiliza kinachofuata, maana utamu wote uko hapa. Nilipoachia vile vishikio chumba kizima kikazimika, pwaa, kama kule kwetu umeme ukikatika, nikasikia mtoto mmoja anaguna gizani. Sekunde chache, afu zikarudi zote kwa pamoja, ila mapigo yangu hayakuwa tena kwenye globu ile ya kwanza, yalikuwa yamesukumwa globu moja mbele, na ya aliyenitangulia nayo yamesukumwa moja, na ya aliyemtangulia yeye, hivyo hivyo mpaka kwa yule wa mwisho kabisa upande wa pili wa chumba ambaye hana tena pa kwenda, yake yametoka. Kila mgeni anayeshika anamsukuma kila mtu hatua moja na anamtoa mmoja. Nikasimama pembeni nikawa nafuatilia yangu. Lilikuja kundi la wanafunzi, wakashika mmoja mmoja, yangu ikawa inakimbizwa, ya tano, ya kumi, nikaipoteza kwenye ishirini na kitu.

Nikaangalia tena kile chumba nikafikiria vitanda vyetu kule kazini.

Mtu mwingine angetoka hapo akaenda kunywa kahawa, mi nilirudi nyumbani nikafungua simu kumsoma huyu jamaa mpaka ikabaki saa moja niende shifti.

Rafael alizaliwa Mexico City mwaka 1967, wazazi wake walikuwa na klabu za usiku, yaani kakulia kwenye taa za rangi na watu wanaocheza. Baadaye akaenda Canada, na pale Montreal, chuo kikuu cha Concordia, akachukua shahada ya kemia, akamaliza 1989. Kemia kabisa, ile ya maabara. Mpaka leo makao yake ni Montreal, na karakana yake inaitwa Antimodular Research. Nimesema karakana makusudi, kwasababu ukiona picha za ndani ni waya, bodi za kompyuta, taa zilizofunguliwa matumbo, mjomba angeingia pale akavuta stuli bila kukaribishwa.

Kile chumba cha globu kinaitwa Pulse Room. Mara ya kwanza alikifunga mwaka 2006 mjini Puebla, Mexico, ndani ya kiwanda cha zamani cha nguo. Mahali pengine zinafungwa globu 100, pengine 300, kutegemea ukubwa wa ukumbi, na kila globu ni wati 300. Hapa mtoto wa fundi lazima apige hesabu, mnisamehe: 300 mara 300 ni wati 90,000, kilowati 90, zikiwaka zote kwa nguvu yote saa nzima ni uniti 90. Haziwaki hivyo, zinapokezana na kufifia, ila nilivyopiga hesabu ile nilijisikia vibaya kidogo kama nimeacha pasi inawaka.

Wazo lilimjia Rafael wakati mkewe ana mimba ya mapacha. Rafael aliomba mashine mbili za kupimia badala ya moja ili asikie mioyo ya watoto wote wawili kwa wakati mmoja, na akakuta kila mmoja ana mwendo wake, inakutana, inapishana, inakutana tena. Ukisikia hivyo unaelewa kwanini zile globu haziendi pamoja. Na kuna filamu ya zamani ya Mexico ya mwaka 1960, Macario, ambayo ndani yake mkata kuni maskini anaingizwa na Kifo kwenye pango lililojaa mishumaa, kila mshumaa ni uhai wa mtu. Rafael anaitaja filamu hiyo wazi kabisa kama chanzo cha Pulse Room. Mi niliposoma habari ya mishumaa nikamkumbuka bibi yangu wa Bagamoyo, alikuwa anatuambia kila mtu ana jani lake kwenye mti huko juu na jani likianguka ndo basi, na usiku wa nusu Shaabani alikuwa hataki tufanye fujo chini ya mwembe, kana kwamba tungeangusha ya watu.

Chanzo cha tatu ni cha kisayansi na hiki ndo kilinikamata zaidi. Miaka ya 1940 kwenye taasisi ya moyo ya taifa pale Mexico City kulikuwa na mtaalamu wa fiziolojia anaitwa Arturo Rosenblueth, na rafiki yake Mmarekani, mwanahisabati Norbert Wiener, alikuwa anakwenda kufanya naye utafiti. Walikuwa wanachunguza jinsi msuli wa moyo unavyopitisha taarifa na jinsi kitu kinavyojirekebisha chenyewe kwa kusoma matokeo yake chenyewe. Mfano rahisi ni friji. Likipoa linajizima, likipata joto linajiwasha, hakuna mtu anayekaa pale na swichi. Mwaka 1948 Wiener akatoa kitabu kilichoipa elimu hiyo jina, saibanetiki, na akakitoa kwa heshima ya Rosenblueth. Kwahiyo sehemu ya mizizi ya hizi kompyuta na roboti zinazotutisha leo ipo kwenye moyo, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyikia Mexico, sio California. Rafael anapenda kukumbusha jambo hilo na mi namuunga mkono, maana sisi wa nchi zetu tumezoeshwa kwamba teknolojia inashushwa bandarini kwenye kontena.

Kabla ya globu alishakuwa na jina. Serikali ya Mexico ilitaka shughuli ya kuukaribisha mwaka 2000 kwenye Zócalo, ule uwanja mkubwa katikati ya Mexico City. Kwa kawaida hapo unategemea fataki na picha za mashujaa wa taifa zimulikwe ukutani. Yeye akaweka taa 18 za kumulika angani juu ya majengo yanayozunguka uwanja, zile kubwa zinazoonekana kutoka kilomita 15 na zaidi, afu akaziunganisha na tovuti. Kuanzia Desemba 26, 1999 mpaka Januari 7, 2000, mtu yeyote mwenye intaneti aliweza kuchora umbo lake kwenye kompyuta, likisubiri zamu, na zamu ikifika taa zote 18 zinahama kwenda kukaa kwenye umbo hilo juu ya mji wa mamilioni ya watu, afu kamera zinapiga picha na unatengenezewa ukurasa wako. Watu kama 800,000 kutoka nchi 89 walitembelea. Hakuweka mchujo kwenye maneno waliyoandika, kwahiyo kukawa na siasa, mashairi, na watu wanaoposa.

Taa zile zina historia mbaya. Zilitengenezwa kwa ajili ya vita, kutafuta ndege za adui usiku, na miaka ya 1930 mafashisti wa Ujerumani walizipanga Nuremberg kuzunguka mikutano yao ili kila mtu ajione mdogo. Rafael anajua hilo na analisema mwenyewe. Alichofanya ni kumpa swichi mtu aliyeko chini. Mimi naona kazi zake karibu zote ni jambo hilo hilo moja linarudiwa kwa sura tofauti, anachukua kifaa kilichotengenezwa ili wakubwa watuangalie au watuhesabu, anakigeuza, na anakigeuza kwa ufundi wa kweli sio kwa maneno ya kwenye kipeperushi. Wasanii wa kwenye kipeperushi nimewaona wengi, unasoma ukuta mzima wa maelezo afu kitu chenyewe ni skrini imezimika na karatasi imebandikwa kwamba fundi ameitwa.

Hilo la fundi naye kalifikiria. Mwaka 2015 aliandika ushauri kwa wasanii wenzake kuhusu kutunza kazi za kielektroniki zisife, akauweka wazi mtandaoni: andika kila kitu, hifadhi programu yako, nunua vipuri mapema, kubali kwamba sehemu fulani zitabadilishwa. Maana fikiria hizo globu za waya, nchi baada ya nchi zimeziondoa sokoni kwa ajili ya kuokoa umeme. LED inawaka na kuzima ghafla. Globu ya waya inachelewa, inapata moto kwanza, inafifia taratibu, na huko kuchelewa ndo kunafanya ionekane kama kitu chenye nyama. Mjomba alikuwa na kopo la maziwa limejaa transista za redio ambazo kiwanda chake kilikuwa hakipo tena duniani, na hakuna mtu aliyemuita mhifadhi.

Mwaka 2001 Rotterdam, Uholanzi, alifanya nyingine inaitwa Body Movies. Ukuta wa jumba la sinema pale uwanjani, mita za mraba 1,200. Alipiga picha watu wa mitaani katika miji kadhaa, akazimulika kwenye ule ukuta kwa projekta, afu akaweka chini taa kali sana zinazozifuta kabisa. Ukipita mbele ya taa kivuli chako kinapanda ukutani, na ndani ya kivuli chako ndo zile picha zinaonekana. Ukiwa karibu na taa kivuli kinafika mita 25, ukisogea ukutani kinarudi mita mbili. Alipanga watu wajaribu kuzijaza zile picha moja moja kwa vivuli vyao na wakizipata zote kompyuta inabadilisha seti. Unajua walifanya nini? Walianza kucheza vivuli. Mtu mrefu akawa anamkanyaga mfupi, mwingine anamchuna mwenzake masikio. Picha za watu zikasahaulika, na yeye mwenyewe anahadithia kwa kucheka. Sisi tuliokua na koroboi tungemuonya mapema. Mpe mtoto ukuta na mwanga mmoja uone kama atafanya kitu kingine zaidi ya sungura na mbwa.

Sasa nirudi Hirshhorn, kuna sehemu nimeiruka.

Kabla ya kile chumba cha globu kulikuwa na kazi yake nyingine, Pulse Index. Hii inataka kidole. Unakiingiza kwenye kitundu, kuna kamera kali kama darubini ndani na kifaa cha kusoma mapigo, afu alama ya kidole chako inatokea ukutani kubwa kuliko mlango, inadunda kwa mapigo yako. Wakija wengine yako inapungua, inapungua, inajiunga na maelfu ya vidole vingine, mwisho inatoka. Ni nzuri sana kuangalia. Mistari ya ngozi inasogea kama mchanga wa pwani maji yakirudi.

Sikuweka kidole.

Nilisimama pale mikono mfukoni kama dakika kumi. Tangu nije huku vidole vyangu vyote kumi vimeshachukuliwa mara tatu, kila mara kwenye chumba chenye viti vya plastiki na mtu mwenye glavu anayekugeuza kidole kama anapaka siagi, na kila mara ukitoka pale unasubiri barua miezi. Kulikuwa na familia mbele yangu, baba anamnyanyua mtoto ili afikie, mtoto anacheka kuona kidole chake kikubwa kama basi. Nikawaangalia nikasema hawa hawajawahi kusubiri barua. Nilijua vizuri kwamba ile mashine ni ya mchezo na haipeleki vidole kokote. Lakini mwili ulikataa tu.

Hapa ndo namlaumu kidogo Rafael, au sijui kama ni lawama. Anasema anataka tuone jinsi tunavyofuatiliwa, sawa, ila anayeona raha kwenye hiyo kazi ni yule ambaye kufuatiliwa hakujawahi kumgharimu. Nilizunguka na wazo hilo wiki nzima, nikamwambia Mkongo mmoja tuliyekuwa tunapiga naye shifti, mtu wa Bukavu aliyekaa kambini Burundi miaka kabla ya kuja huku. Akasikiliza akaniambia, "ndugu, mimi vidole vyangu walichukua ili wanipatie unga. Ningeweka kile kidole pale bila shida, bora kionekane kikubwa mara moja." Nikakosa la kujibu.

Kuna kazi moja ambayo haina raha kabisa na ndo naiheshimu kuliko zote. Septemba 26, 2014 wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walitekwa mjini Iguala, jimbo la Guerrero, Mexico, na polisi walihusika. Miezi sita baadaye, Machi 2015, Rafael akatoa Level of Confidence. Ni kamera na skrini. Kamera imefundishwa sura za wale 43. Ukisimama mbele yake inaisoma sura yako kwa programu zile zile za kutambua nyuso wanazotumia polisi na viwanja vya ndege, inakulinganisha na kila mwanafunzi, inakuambia unafanana zaidi na nani na kwa asilimia ngapi. Polisi wanatafuta mhalifu kwa mashine hiyo. Hii inatafuta waliopotezwa, haichoki, na kila mara inakuta mtu mwingine. Aliigawa bure ili chuo au makumbusho yoyote iifunge, na mapato ya mauzo yakaelekezwa kwa waathirika. Niliiona kwenye video tu, na hata hapo nilijiuliza ningefanana na nani.

Alishafanya jambo linalokaribiana na hilo mwaka 2008, Tlatelolco, hapo hapo Mexico City, palepale walipopigwa risasi wanafunzi Oktoba 2, 1968. Ilikuwa miaka 40 tangu mauaji. Aliweka kipaza sauti, yeyote anapanda anasema analotaka, taa kubwa inawaka angani kwa kufuata sauti yake na maneno yanarushwa moja kwa moja redioni. Mtu akinyamaza, giza. Na 2019, Novemba, akaunganisha El Paso ya Marekani na Ciudad Juárez ya Mexico kwa taa za angani, mwali wa huku ukikutana na mwali wa kule laini ya sauti inafunguka na watu wanaongea juu ya ukuta. Miezi mitatu kabla, mtu mwenye bunduki alikuwa ameua watu 23 dukani hapo El Paso, wengi wao wenye asili ya Mexico. Sina mengi ya kuongeza kwenye hiyo ya mpaka, mi nazungumza na watu wangu kila siku kwa voisinoti na najua sauti iliyovuka inavyokuwa.

Mwaka huo huo wa 2019, Julai, Manchester, alijenga kazi kubwa kutokana na wazo la Charles Babbage, yule Muingereza aliyechora mashine za kuhesabu kabla ya umeme. Babbage aliandika mwaka 1837 kwamba hewa ni maktaba kubwa, kila neno lililowahi kutamkwa limebaki limeandikwa kwenye mwendo wa chembe za hewa, na mwenye hesabu za kutosha angeweza kulisoma kinyumenyume. Watu wanapenda kunukuu hapo wakaishia hapo. Lakini Babbage aliendelea mpaka kwa nahodha wa meli ya watumwa aliyetupa watu baharini wakiwa hai, kwamba hewa na maji ya mahali pale vina ushahidi dhidi yake. Niliisoma hiyo nikiwa kwenye basi. Nilipokuwa mdogo likizo zote nilipelekwa kwa bibi Bagamoyo, tulikuwa tunacheza mpira kwenye ule mchanga walipokuwa wanasubirishwa watu majahazi yaje. Tulipiga kelele sana pale. Sijui kelele zetu zimekaa juu ya nini.

Basi nimefika kwenye pumzi.

2012 Rafael alimuomba mwimbaji wa Cuba, Omara Portuondo, apulize kwenye mfuko wa kaki, mfuko wa karatasi wa kawaida kabisa. Ule mfuko ukafungwa kwenye mashine yenye mrija, inajaza na kunyonya, mfuko unavimba na kunywea usiku na mchana. Inaitwa Last Breath. Kwenye maelezo wanasema inafanya hivyo mara 10,000 kwa siku kama mtu mzima aliyepumzika, na ndani yake kuna mara 158 za kushusha pumzi ndefu. Nikapiga hesabu tena, ndo ugonjwa wangu. 10,000 kwa siku ni kama saba kwa dakika. Sisi tumefundishwa mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20. Mzee wangu akipumua mara saba kwa dakika mimi naita nesi mbio. Lakini zile 158 zilininyamazisha, kwasababu ni kweli, watu wanashusha pumzi usingizini, unapita koridoni saa tisa usiku unasikia mmoja, baada ya vyumba viwili mwingine, na mashine zetu zote pale hakuna hata moja inayoandika hizo.

Mwaka uliofuata alifanya chumba cha kioo unachoingia kuvuta hewa iliyokwishavutwa na wageni wote waliokutangulia, mlangoni kuna onyo la kukosa hewa na kuambukizwa magonjwa. Watu walikuwa wanaingia. Hiyo ilikuwa 2013, ukiisoma leo unashika barakoa.

2020 ilipokuja sitaki kuieleza, mliokuwa kwenye nyumba za wazee mnajua, msiokuwa siwezi kuwaambia. Mwishoni mwa mwaka ule Rafael na makumbusho ya chuo kikuu pale Mexico City wakaanzisha kitu kinaitwa A Crack in the Hourglass. Ulikuwa unatuma picha ya mtu wako aliyeondoka na Covid na maneno ya kumuaga. Mkono wa roboti unadondosha mchanga chembe chembe juu ya ubao mweusi mpaka sura inatokea, inakaa kidogo, afu ubao unainamishwa na mchanga unaporomoka, na mchanga huo huo unamchora anayefuata. Uliweza kuangalia kwa intaneti popote ulipo, kwa wale ambao hawakuruhusiwa kuzika.

Mjomba alifariki Machi 2021. Nyumbani wakati ule Covid ilikuwa na neno lake, changamoto ya upumuaji, na ndilo nililoambiwa kwenye simu. Sikupata kwenda. Nikiwa chumba cha mapumziko kazini nikaifungua ile tovuti, nikajaza jina, nikafika sehemu ya picha nikakuta sina picha yake hata moja ya maana, zote kakaa nyuma ya watu au kainama kwenye redio. Pia fomu ilikuwa ya waliokufa kwa Covid na mi nilichonacho ni changamoto ya upumuaji, nikajiuliza kama naruhusiwa.

Nikamtumia anti, mke wa marehemu, voisinoti. Shikamoo anti, naomba picha ya mjomba, nzuri, uso uonekane. Akajibu marahaba mwanangu, ya nini? Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie, kwa kifupi, kuna mashine itamchora kwa mchanga watu wamuone, afu itamwaga. Ilikaa tiki mbili za bluu muda mrefu. Afu ikaja sauti yake, nyuma nasikia kuku na mtu anapiga mswaki.

"Mchanga ameshatiwa, baba. Walimtia wanae na majirani, ukatosha. Huyo wa mashine amtie wake."

Nikasema sawa anti. Nikaifunga ile fomu.

Baada ya siku mbili akanitumia picha bila neno lolote. Mjomba yupo bandani, kainua uso kumtazama aliyepiga, miwani imeshuka puani, mezani kuna redio imefunguliwa na pembeni yake ule ubao wa sirizi na globu inawaka hafifu. Nimeikuza nikahesabu mpaka waya. Bado ipo kwenye simu, sijaituma kokote.